Popu ndogo haimaanishi kadi adimu, nimejifunza kwa hela yangu

MbebaBoksi (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, kama uko kwenye daladala soma ukishashuka.

Naona humu siku hizi watu wengi wanaulizia kadi za kukusanya, Pokémon, za basketi, za mpira, hasa sisi tuliotapakaa huku Marekani na Uingereza. Na kila tangazo utakuta muuzaji kabandika "PSA 10, popu 3", "popu 5 dunia nzima", halafu bei imesimama kama mnara wa simu. Nimeona niandike kwa sababu mimi huo mkenge nimeuingia na miguu yote miwili.

Kwa wageni kwanza, haraka haraka. Kuna kampuni unazitumia kadi yako, wanaikagua kona, kingo, uso na kama picha imekaa katikati, wanaipa gredi kuanzia 1 mpaka 10, wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki ambalo sisi tunaita slabu. PSA ndio wakongwe, wapo tangu 1991, halafu kuna Beckett, SGC, CGC. Na hawa wote wanatoa hesabu, kwamba kadi fulani tumeshaigredi mara ngapi na ngapi zimepata 10, ngapi 9, kushuka chini. Hiyo hesabu ndiyo ripoti ya popu. Bure, unaingia unaangalia mwenyewe.

Sasa kisa changu. Dogo wangu wa kwanza alishikwa na Pokémon, nami nikajikuta nashikwa kuliko yeye. Mwaka juzi nikaona kadi ya Kijapani, seti ilikuwa na kama miezi miwili tu sokoni, jina la kadi sitaji nisije nikachekwa. Muuzaji kaandika PSA 10 popu 3. Mimi kwa ujanja wangu nikaingia kwenye ripoti kuhakiki, kweli bwana, 3. Nikasema Mungu anipe nini tena, nikalipa dola 340, mke nikamwambia ni 40.

Miezi mitano baadaye popu ikawa 58. Mwaka ulivyoisha ilikuwa imepita 400 na kadi inauzwa dola 55 na posta bure.

Hakuna aliyenidanganya, hilo ndilo linaloniuma. Namba ilikuwa ya kweli. Ila mimi niliisoma kama vile inasema "duniani kuna tatu", kumbe ilikuwa inasema "mpaka leo asubuhi tumezirudisha tatu". Wale watatu walilipia huduma ya haraka. Wenzao wote walikuwa kwenye foleni, maboksi yao yamekaa stoo yanasubiri kufunguliwa, na mimi nikalipia foleni ya watu.

Ripoti inahesabu kadi zilizoletwa mezani, haihesabu kadi zilizopo. Zilizoko kwenye albamu za watoto, kwenye droo, kwenye pakiti ambazo hazijachanwa, haizijui kabisa.

Nitaendelea chini, ngoja nitoke zamu.

kigogo_mstaafu

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Endelea mkuu.

Mzee Tozo

Yaani mtu mzima na ndevu zako unanunua karatasi ya mtoto dola 340 halafu unakuja kutueleza hesabu. Hiyo ni mbuzi wawili na chenji.

MbebaBoksi

@Mzee Tozo mbuzi angekuwa ameshaliwa, karatasi bado ninayo. Tuendelee.

Nimerudi. Mfano ulionifungua macho mimi ni wa Magic, mchezo wa kadi, toleo lake la kwanza kabisa la Agosti 1993 linaloitwa Alpha. Uzuri wa Alpha ni kwamba idadi iliyochapwa inajulikana, na hii ni nadra sana kwenye hobi hii. Kila kadi ya daraja la "rare" ilichapwa nakala 1,100 hivi. Toleo lililofuata, Beta, 3,300 hivi. La tatu, Unlimited, 18,500 hivi.

Sasa ndani ya zile rare za Alpha kuna Black Lotus, ambayo hata asiyecheza ameisikia, moja ya PSA 10 iliuzwa dola 511,100 Januari 2021. Na humo humo, daraja lile lile, kuna kadi inaitwa Purelace. Kazi yake kubadilisha kitu kiwe rangi nyeupe. Hakuna anayeitaka. Hata 1993 watoto walikuwa wanaipata kwenye pakiti wanasonya.

Zilichapwa sawa, 1,100 kwa 1,100. Lakini nenda kwenye ripoti ya popu, Lotus zilizogrediwa ni nyingi kuliko Purelace. Maana yake ukisoma popu kama mimi nilivyosoma, Purelace ni adimu kuliko Black Lotus! Umeona hapo? Kiwanda kimetoa sawasawa, ripoti inakwambia hapana. Tofauti yote imeletwa na mtu mmoja tu, yule anayeamua kama inalipa kutuma.

Kutuma kadi PSA kwa bei ya chini ni dola ishirini na kitu kwa kadi, bado posta na bima ya kwenda. Mwenye Lotus hata ingekuwa mia mbili angelipa huku anaimba. Mwenye Purelace anapiga mahesabu anairudisha kwenye boksi.

Kwa hiyo kanuni yangu siku hizi ni hii, kadi ikiwa ghali sana kulinganisha na ada ya kugredi, popu inakaribia ukweli, kwa sababu karibu kila mwenye nayo ameshaituma. Kadi ikiwa ya bei ya chai, popu inakuambia habari za uvivu wa watu tu.

Nyamwamba254

Niaje wadau. Mtoa mada hapo umenena lakini nikuulize kitu moja, kadi ya basketi ya Michael Jordan ya 1986, ya kampuni ya Fleer, utaiweka wapi? Hiyo kila mtu ako nayo na bado bei iko juu. Kuna jamaa tulikuwa tunafanya kazi na yeye Baltimore alikuwa ananionyesha ya kwake PSA 7 kila siku lunchi kama picha ya bibi yake.

MbebaBoksi

@Nyamwamba254 buda hiyo ndiyo kadi ya kufundishia, asante kuileta.

Jordan ya Fleer, namba 57 kwenye seti ya kadi 132. PSA peke yao wameshagredi zaidi ya elfu 20. Hebu fikiria, kadi elfu 20 halafu watu wanaiita adimu. Lakini ukishuka kwenye safu ya 10 unakuta mia tatu na kitu tu. Piga hesabu, ni kama moja na nusu kwa kila mia. Yaani watu mia wanatuma Jordan zao, kila mmoja kafuta vumbi na kitambaa laini kama anaogesha kichanga, wanaopata 10 ni mmoja au wawili.

Hapo uadimu si wa kadi, ni wa hali ya kadi. Kingo zile zina rangi nyekundu na bluu, zikigusana kidogo zinachubuka na weupe unaonekana, halafu ukataji wa kiwandani ulikuwa wa hovyo, picha imesukumwa pembeni. Hivyo vitu havirekebishiki. Na kwa kuwa ni kadi ambayo kila mwenye nayo anajua thamani yake, nyingi zimeshatumwa, na 10 mpya zinachungulia moja moja.

Linganisha na kadi ya Ken Griffey Jr, mchezaji wa beisboli, ya kampuni ya Upper Deck 1989. Karatasi nzuri, watu walianza kuzificha siku hiyo hiyo zilipotoka kwa sababu walishajua kadi za wachezaji wachanga zina hela. PSA 10 zake zimepita elfu nne. Kadi ya kihistoria, inapendwa, lakini 10 yake haimtoi mtu jasho.

Ila sasa sikilizeni na hii. Mwisho wa Januari 2021 Jordan ya PSA 10 iliuzwa dola 738,000. Zilikuwa mbili, bei ile ile, mnada ule ule. Mwaka uliofuata ukiwa na robo milioni ulikuwa unapata na chenji unarudishiwa. Popu ilibadilika? Hata kidogo, iliongezeka kadi za kuhesabu kwa vidole. Kilichoyeyuka ni watu. Wakati wa korona kila mtu alikuwa ndani na hela ya serikali mkononi. Kwa hiyo popu hata ikiwa ya kweli asilimia mia bado ni nusu ya mizani, nusu nyingine ni wangapi wanaitaka na wana nini mfukoni.

BintiMkunazini

Assalam alaykum. Mie nipo Maskati, wanangu wana zile za mpira za Match Attax makopo kwa makopo. Sasa yakhe huyu mkubwa kaniambia ana kadi "wan of wan" hataki hata niiguse wakati nafagia. Ndo hiyo popu 1 mnayosema?

MbebaBoksi

@BintiMkunazini waalaykum salaam dada yangu. Hapana, hizo ni mbili tofauti na wauzaji wanapenda sana kuzichanganya.

Kadi ikiwa imepigwa chapa kiwandani 1/1, hiyo ni moja na itabaki moja. Mfano ile ya Magic ya Pete ya Lord of the Rings ya mwaka 2023, kiwanda kilisema kitatengeneza moja tu, dunia nzima ikachana pakiti kama wehu, ilipopatikana ikapewa PSA 9 na mwanamuziki Post Malone akainunua dola milioni 2. Tisa hiyo, si kumi, na nani anajali? Hakuna ya pili ya kushindana nayo.

Popu 1 ni kwamba mpaka sasa imetumwa moja. Kesho mtu wa pili akiamka na dola 25 inakuwa popu 2.

Lakini dada mwangalie dogo, kama kweli kona imeandikwa 1/1 usifagie hapo mpaka niione picha.

mtaalam_wa_kijiwe

Naunga mkono hoja ila mtoa mada umeruka jambo la kupasua. Mimi niko kwenye hii biashara, sio sana, wikendi. Kuna watu kazi yao ni kununua PSA 9 iliyokaa vizuri, wanapasua slabu, wanatuma tena wakitafuta 10. Wakipata 9 tena wanapasua tena. Wanatakiwa warudishe ile lebo ya ndani ili ifutwe kwenye hesabu, wangapi wanarudisha? Nimeshamuona mtu ana lebo kwenye kopo la Blue Band kama misumari. Kadi ile ile moja ripoti inaihesabu mara nne.

Na wengine wanatoa PSA wanapeleka Beckett, huku hesabu imebaki na kule imeongezeka. Kwa hiyo wale mnaojumlisha popu za kampuni zote mnajua mnapata nini? Supu.

MbebaBoksi

Kiongozi umenisaidia sana, na niongezee kitu hapo, hilo kosa halikai sawasawa kwenye safu zote. Nani anapasua 10? Karibu hakuna, labda kichaa anayewinda ile lebo nyeusi ya Beckett, ambayo lazima kona, kingo, uso na katikati vyote vipate 10. Wanaopasuliwa ni 9 na 8 za kadi ambazo ukiruka ngazi moja bei inaruka mara kumi. Kwa hiyo safu ya 9 ya Jordan mimi naisoma kwa tahadhari, imevimba. Safu ya 10 naiamini zaidi. Na asilimia ya 10 ukiikokotoa kwa jumla iliyovimba inatoka ndogo kuliko hali halisi. Sio sana, lakini muuzaji hatakwambia.

Mzee Tozo

Kwa hiyo kuna watu wanavunja plastiki halafu wanalipia plastiki nyingine. Sawa. Naendelea kusoma.

Mama Junior Leicester

Jamani mimi si mtu wa kadi, nimeletewa uzi huu na shemeji. Nilikuwa nasafisha dari nikakuta kopo la kadi za kaka yake mume wangu za shuleni, ipo ya Pokémon inaitwa Charizard ina joka la chungwa linatema moto, inang'aa. Mitandaoni naona wanasema dola laki nne. Nianze kufungasha virago nirudi Tanga au?

MbebaBoksi

@Mama Junior Leicester shemeji usifungashe kwanza 😂

Angalia vitu viwili. Chini ya picha upande wa kushoto kuna kimuhuri cheusi cha duara chenye namba 1 ndani? Halafu fremu ya picha, upande wa kulia na chini kuna kivuli cha kijivu? Muhuri upo na kivuli hakipo, kaa chini unywe maji. Muhuri hakuna na kivuli kipo, hiyo ni ya toleo la kawaida, zilichapwa nyingi mno.

Ya dola laki nne ni ile ya muhuri, ya Kiingereza ya 1999, na lazima iwe PSA 10. Moja iliuzwa dola 420,000 mwezi wa tatu 2022. Zilizogrediwa na PSA ni elfu kadhaa, zilizopata 10 ni mia na ishirini na kitu. Sababu unaijua wewe mwenyewe kuliko mimi, hebu iguse hiyo kadi ya shemejio kwenye kona.

Mama Junior Leicester

Muhuri hakuna. Kivuli kipo. Kona moja imeliwa na kitu, nadhani ni meno.

mtaalam_wa_kijiwe

PSA hawana gredi ya meno lakini pole shemeji, hata hivyo usitupe, ina hela ya mboga.

Chaurembo_Mpls

Wakuu nami nina swali la haraka nipo Minneapolis, nimekutana na jamaa anauza kadi ya basketi ya Prizm ya rangi, ya mchezaji wa kawaida tu wa timu ya hapa, PSA 10, anasema popu 2 na hakuna ya juu yake. Dola 300. Ni mpenzi wa timu hii mimi. Anasema nikichelewa kuna mtu wa Texas ameshatuma hela nusu.

MbebaBoksi

@Chaurembo_Mpls mtu wa Texas. Huyo mtu wa Texas nami nilishawahi kuambiwa yupo, ila wa kwangu alikuwa wa Florida.

Prizm ni somo lake peke yake. Kampuni ya Panini walianza nazo msimu wa 2012-13, na kila mchezaji alikuwa anatolewa kadi ile ile kwa rangi kibao, fedha, kijani, nyekundu, bluu, za mawimbi, za nyufa za barafu, nyingine zina namba nyingine hazina. Ripoti ya popu kila rangi inaipa mstari wake. Sasa ukimkata ng'ombe mmoja vipande hamsini halafu ukasema hiki kipande kipo kimoja tu duniani hujasema uongo, lakini ng'ombe ni yule yule na jirani ana ng'ombe mwingine.

Muulize hivi. Kwanza, kadi ina namba ya kiwandani? Kama imeandikwa 7/25 basi ukweli tunaujua, zipo 25, popu 2 haina kazi tena. Pili, na hili ndilo muhimu kuliko yote, muulize jumla zilizogrediwa za rangi hiyo ni ngapi, sio zilizopata 10 tu. Kama zimetumwa 2 na zote zimepata 10, hiyo siyo kadi ngumu, hiyo ni kadi ambayo hakuna mtu anahangaika nayo. Kama zimetumwa 90 na 10 ni mbili, hapo kuna kitu, tuongee.

Halafu mwenyewe fungua seti nzima uangalie majirani zake. Chukua wachezaji watano wa bei ileile rangi ileile, uone wanapata 10 kwa kiasi gani. Tuseme, mfano tu huu, wenzake wanapata 10 nusu kwa nusu na huyu anapata moja kwa kumi, basi kadi yake ina tatizo la uchapaji, pengine kuna mstari unapita usoni au ilikaa vibaya kwenye karatasi kubwa kabla ya kukatwa, na tatizo hilo halitaisha hata zikitumwa elfu. Wenzake wakipata nusu na yeye nusu, umemaliza, popu yake ni suala la muda.

Nyamwamba254

Maze hii ya majirani ni poa sana. Lakini kuna upande mwingine, kuna wale wasee wa kushindana na seti kamili pale PSA, wanapangwa kwa orodha nani ana seti iko na gredi za juu. Hao wananunua kadi ya mchezaji hakuna mtu anamjua, bora tu iwe 10 na popu iko chini, kwa sababu bila hiyo seti haikamiliki. Nimeona kadi ya mtu alicheza misimu miwili akapotea ikipita bei ya nyota. So usidharau popu ndogo ya mtu wa kawaida kila saa.

MbebaBoksi

Kweli kabisa, hapo nakubali, na mara nyingi ni kadi za zamani za kampuni ya Topps. Ila huo ni uhitaji wa watu wachache sana. Wakiwa wawili wanaogombania bei inapaa, mmoja akishaipata anabaki wa pili peke yake, na wewe uliyeingia wa tatu ukidhani ndiyo bei yake unabaki umeshika mkia. Ukinunua aina hiyo jua jina la mnunuzi wako kabla hujanunua.

Kitu kingine nilisahau, tarehe. Watu hawaangalii tarehe. Mwisho wa mwezi wa tatu 2021 PSA walifunga milango kwa huduma nyingi kwa sababu walizidiwa, walisema wenyewe kwamba ndani ya siku tatu walikuwa wamepokea kadi nyingi kuliko miezi mitatu iliyotangulia. Sasa fikiria aliyekuwa ananunua kadi za kisasa wakati huo kwa kuangalia popu, anaona ndogo anafurahi, kumbe mlima wote umelala stoo California. Ulipoanza kutoka, popu zikapanda kila wiki na bei zikashuka kila wiki. Ndiyo yale yale yangu, ila wenzangu walipigwa kwa maelfu.

Na gredi yenyewe nayo inatembea. PSA mwaka 2025 wamekaza masharti ya 10, mbele picha inatakiwa ikae 55 kwa 45, kabla ya hapo walikuwa wanavumilia 60 kwa 40. Kwa hiyo kwenye safu moja ya 10 zimo zilizoingia kwa mlango mpana na zilizoingia kwa mlango mwembamba, ripoti haizitenganishi.

Mzee Tozo

Swali la mtu asiyejua. Hao wanaotoa namba, nani anawakagua wao?

MbebaBoksi

Mzee hilo swali lako linastahili mbuzi.

Kadi ya kwanza kabisa PSA kuigredi, 1991, ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji wa beisboli, kadi ya sigara ya miaka ya 1909 mpaka 1911. Ikapewa 8. Miaka mingi watu walinong'ona kwamba imekatwa kingo ili ionekane kali, na kadi iliyokatwa kwa sheria zao haistahili namba yoyote. Mwaka 2013 aliyewahi kuimiliki, Bill Mastro, mtu mkubwa wa minada, akakiri mahakamani kwamba aliikata. Kabla ya hapo, 2007, ilikuwa imeshauzwa dola milioni 2.8. Kwa hiyo ile hesabu ya popu ilianza na kadi yenye doa kwenye mstari wake wa kwanza.

Ila hapo hapo Wagner ndiyo mfano wangu mzuri wa popu inayokaribia ukweli. Zinazojulikana ni kama 60 tu, na zinafahamika karibu moja moja kama watoto wa ukoo. Hazitaibuka 400 mwaka ujao. Na hata hivyo ripoti inapungukiwa, kwa sababu kuna moja ipo jumba la makumbusho la Metropolitan New York na nyingine maktaba kuu ya hapo hapo mjini, na hizo hakuna mtu atazifungia kwenye plastiki apewe namba.

Kadi ya Pokémon inayoitwa Pikachu Illustrator pia iko hivyo. Walipewa washindi wa mashindano ya kuchora ya jarida la CoroCoro Japani, 1997 na 1998, zilitolewa 39. PSA 10 ilikuwa moja, aliyoinunua Logan Paul, yule wa YouTube, kwa zaidi ya dola milioni 5. Hapo popu 1 naiheshimu, maana nyuma yake kuna 39 na kila mwenye nayo analala na bastola. Yangu ya dola 340 nyuma yake kulikuwa na kiwanda kinaendelea kuchapa.

BintiMkunazini

Nimeiona hiyo kadi ya mwanangu. Imeandikwa 1/1 kwa kalamu. Mwandiko wake.

kigogo_mstaafu

😂😂😂 kahawa imenitoka puani

MbebaBoksi

Dada huyo mtoto mpeleke akasomee biashara.

Chaurembo_Mpls

Wakuu mrejesho. Nimemuuliza jamaa jumla zilizogrediwa ni ngapi. Kanijibu "bro it's pop 2". Nikamwambia najua, nataka jumla. Kanyamaza dakika kumi, kisha kashusha kuwa 220. Nikaingia mwenyewe kwenye ripoti, jumla ni 2. Zimetumwa mbili, zimepata 10 mbili, na namba zake za cheti zimefuatana. Yaani ni mtu mmoja alituma zote siku moja. Nadhani ni yeye mwenyewe.

mtaalam_wa_kijiwe

Popu yote ya dunia iko kwenye droo yake 🤣

Chaurembo_Mpls

Nikamwandikia kwamba namba zimefuatana. Kaniblok. Nimeikuta ambayo haijagrediwa eBay, rangi ileile, dola 6. Nimenunua mbili.

Mzee Tozo

Hiyo Purelace ya 1993 inauzwaje lakini? Naulizia tu.